Wenye kurasa za udaku Mtwara, mtawazulia vifo watoto wa Harry Potter mpaka lini?

Wakuu, habari zenu. Naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha.

Kuna ukurasa mmoja wa udaku hapa Mtwara mjini, una wafuasi wa kutosha tu, ambao umekuwa ukirusha mabango ya misiba ya waigizaji wa Harry Potter, zile filamu za Uingereza za mtoto anayesoma shule ya uchawi. Picha nyeusi na nyeupe, mshumaa pembeni, juu maandishi mekundu: LAANA YA UCHAWI YAWAMALIZA MMOJA MMOJA. Bango limetoka huko likaingia WhatsApp, na sasa hufungui grupu la wazazi, la kikoba wala la wakulima wa korosho bila kukutana nalo. Chini yake watu wazima, wenye watoto wao ndani, wanaandika "amina" na "ndiyo malipo yake".

Malipo ya nini? Ya mtoto wa miaka 11 kupewa maneno ya kusema mbele ya kamera?

Daniel Radcliffe, aliyeigiza kama Harry mwenyewe, mmemwekea mshumaa. Huyo mtu yuko hai, ana mtoto, na Juni 2024 alichukua tuzo ya Tony kwa kuigiza jukwaani New York. Emma Watson, aliyeigiza kama Hermione, rafiki wa Harry, naye mmemwekea mshumaa. Julai 2025 mahakama ya Uingereza ilimfungia kuendesha gari kwa miezi 6 kwa sababu ya mwendo kasi, na maiti haifungiwi leseni. Rupert Grint, aliyeigiza kama Ron, rafiki mwingine wa Harry, mmeandika "kafilisika, kaokotwa barabarani". Mwaka 2024 alishindwa kesi na mamlaka ya kodi ya kwao, akatakiwa alipe pauni milioni 1.8, baada ya mvutano juu ya pauni milioni 4.5 alizopokea, kama zihesabiwe mtaji au mapato. Ni kesi ya kodi. Mtu anayedaiwa kodi ya kiasi hicho hajaokotwa barabarani.

Mmewaweka na wazee walioigiza kwenye filamu hizo. Maggie Smith alifariki Septemba 2024 akiwa na miaka 89. Michael Gambon alifariki 2023 akiwa na 82. Babu na bibi zetu wakifika umri huo tunashukuru Mungu kwa maisha marefu, leo kwa Maggie Smith imekuwa laana?

Ila aliyenifanya niandike uzi huu ni Robert Knox, maana huyu kweli alikufa, na alikufa kijana. Alikuwa ameigiza kama Marcus Belby kwenye filamu ya sita. Mei 2008, akiwa na miaka 18, mtu mwenye visu viwili aliwavamia vijana nje ya baa moja huko Sidcup, kusini mashariki mwa London. Robert aliingilia kumkinga mdogo wake. Akachomwa kisu akafa, filamu yenyewe hata haijatoka. Muuaji alikamatwa, akashtakiwa, na mwaka 2009 akahukumiwa kifungo cha maisha, asitoke kabla ya miaka 20. Familia ya marehemu ikaanzisha taasisi kwa jina lake ili kuwaelimisha vijana kuhusu hatari ya kutembea na visu. Sasa niambieni, kijana amekufa akimtetea ndugu yake wa tumbo moja, wewe umekaa zako Mtwara na bando lako unaandika kwamba majini yalimfuata. Ungekuwa wewe ndiye huyo mdogo mtu, ukakuta bango hilo, ungejisikiaje?

David Holmes mmemwandika "alianguka akafa akirogwa". Holmes ndiye aliyekuwa akifanya matukio ya hatari badala ya Radcliffe. Januari 2009 aliumia vibaya kazini, kwenye majaribio ya tukio moja, akapooza. Hakufa. Mwaka 2023 ilitoka filamu ya maisha yake na Radcliffe mwenyewe alikuwa mmoja wa waliosimamia kutengenezwa kwake, kwa sababu wale wawili ni marafiki mpaka leo. Hiyo ndiyo habari ya kuwasomea watoto, lakini haina mshumaa kwa hiyo haiwaletei kiki.

Mnatafuta lililowaumiza hawa watoto? Lipo, wamelisema wenyewe. Emma Watson alipotimiza miaka 18, mwaka 2008, wapiga picha walilala chini barabarani ili wampige picha kwa chini ya sketi. Aliwahi kueleza kwamba zile picha zingechapishwa saa 24 kabla lingekuwa kosa la jinai, ila kwa kuwa siku ilikuwa imegeuka wakaziuza. Wanaume wazima walikaa wakamsubiri mtoto wa kike afikishe umri ili wamdhalilishe bila kushtakiwa! Katie Leung, msichana wa Scotland mwenye asili ya China, alipopewa nafasi ya Cho Chang, mmoja wa wanafunzi kwenye filamu hizo, alitukanwa mtandaoni kwa rangi na sura yake. Mwaka 2021 akasimulia kwamba watu wa kuitangaza filamu walimwambia akiulizwa akane, aseme hajaona kitu. Radcliffe kasema hadharani kwamba alizama kwenye pombe, sehemu kwa sababu ya kuangaliwa kila anapokwenda, mpaka akaamua kuacha mwaka 2010.

Kwenye yote hayo hamna jini. Kuna mtu mzima ameshika kamera, au amekaa kwenye kompyuta anaandika tusi, na mwingine ananunua gazeti. Wewe mwenye ukurasa uko kundi hilo hilo.

Na mmeshahamia kwa wapya. Mei 2025 walitangazwa watoto watatu watakaoigiza kwenye tamthilia mpya ya runinga ya Harry Potter: Dominic McLaughlin, Arabella Stanton na Alastair Stout. Waliomba watoto zaidi ya 30,000 wakachaguliwa hao. Siku ile ile, kamera hazijawashwa hata mara moja, kwenye magrupu yetu huku watu wanagawana picha zao na kuwachambua pua, meno, nywele. Mtu ana binti wa darasa la sita nyumbani, anamcheka mtoto wa mwenzake meno. Halafu anamalizia "na huyu naye tutamzika tu". Unamtabiria kifo mtoto usiyemjua, kwa raha gani?

Kuna watakaosema hao wako Uingereza, wana mawakili na walinzi, mabango ya Mtwara yatawafikia wapi. Sawa, hayawafikii. Yanatufikia sisi.

Mpwa wangu yuko sekondari na yuko kikundi cha maigizo cha shule. Anaweza. Akisimama na shuka mabegani anageuka bibi kizee mbele ya macho yako, mgongo unapinda, mpaka vidole vinatetemeka. Jioni moja nimefika kwa dada, nimemkuta uani anabangua korosho, mikono kaipaka majivu ili yale mafuta ya maganda yasimuunguze. Simu iko chini kwenye mkeka, inaita meseji moja baada ya nyingine. Akaniomba nimfungulie nimsomee. Lilikuwa bango hilo. Chini yake jirani kaandika, "Mama nanihii, si na wako anaigiza?"

Dada hakusema kitu pale. Kesho yake alimkataza binti kwenda mazoezini. Nimemweleza, nimemwonyesha habari za kweli kwenye simu yangu, anasema, "Kaka, mimi nina huyu mmoja wa kike, sijaribu." Simlaumu hata kidogo. Dada yangu ni mama aliyetishwa kwa kusudi na mtu anayetafuta watazamaji. Binti sasa jioni anafagia uwanja na hataki kuongea na mtu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya yanafanyika Mtwara. Sisi ndio watu wa midimu, ngoma ya vinyago. Kila mwanaume aliyetoka jando huku anajua kinyago kikicheza uwanjani ndani yake kuna mtu, anatoka jasho, na ngoma ikiisha anakwenda kunywa maji kama wengine. Hakuna anayesema mchezaji atalaaniwa kwa sababu alicheza. Leo mtoto wa Kizungu kashika kijiti kwenye filamu, tumesahau yote hayo?

Nilimwandikia mwenye ukurasa faragha, kwa heshima kabisa, nikamuomba afute. Akasoma, akaniblock, jioni akarusha bango jingine. Jina lake silitaji hapa na naomba na ninyi msilitaje. Ila ajue Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inazungumzia kusambaza taarifa za uongo, na bango lina nembo ya ukurasa wake pembeni, hawezi kusema si lake. Afute, aweke sahihisho pale pale alipoweka uongo, kwa maandishi yale yale makubwa.

Wakuu wa Masasi, Newala, Tandahimba, Lindi na Nachingwea, najua limewafikia. Msinyamaze kwenye magrupu kwa kuogopa kuambiwa mnajifanya wajuaji. Nakilini hii mbandike chini ya bango kila mtakapoliona:

"Habari hii ni ya uongo. Radcliffe, Watson na Grint wako hai. Robert Knox aliuawa kwa kisu mwaka 2008 akimkinga mdogo wake, na muuaji alifungwa maisha. Hakuna aliyekufa kwa sababu ya kuigiza. Mzazi, mwache mwanao aende mazoezini."