Ibada ya pamoja ya Majilio, Mtwara: tuipangeje?

KatibuShangani
Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe. Makanisa matatu jirani (Katoliki, Kilutheri yaani KKKT, Anglikana) tunataka jioni moja ya Majilio, zile Jumapili nne kabla ya Krismasi, mwaka huu wa 2026. Tuweke tarehe gani? Shada la mishumaa litengenezwe vipi? Halafu kwaya zimeng'ang'ania nyimbo za Krismasi na paroko hataki.

Msakristia
Ndugu katibu, Majilio yanaanza 29 Novemba. Chukueni Jumapili ya pili, 6 Desemba, saa 11 jioni. Kuanzia ya tatu kila kwaya imezama kwenye mazoezi yake ya Krismasi, hamtaipata.

Isiwe Misa wala Chakula cha Bwana, maana mezani hamjashirikiana bado. Fanyeni ibada ya Neno: Isaya 40:1-11, Mika 5:2-5, Luka 1:26-38, wimbo mmoja kila baada ya somo. Mhubiri awe mmoja, dakika 12. Wakisimama wote watatu, giza litawakuta humo humo.

Paroko yuko sahihi. Majilio ni kungoja. Hata wimbo wa Utukufu kwa Mungu kwa Wakatoliki hauimbwi Dominika hizo. Nyimbo za kuzaliwa zisubiri mkesha.

Mahali panapokwama kila mara ni Baba Yetu. Huku "ufalme wako ufike", kule "ufalme wako uje", na mwishoni Wakatoliki wameshasema Amina wenzao wanaendelea na "kwa kuwa ufalme ni wako". Kubalianeni maneno, yachapeni.

FundiMapambo
Nimjibu ya shada. Pinda nondo ya milimita 8 iwe pete ya kipenyo cha sentimita 60, uchomelee vikombe vinne vya bati. Majani tumia mvinje, pwani yetu umejaa. Funga matawi matatu matatu kwa waya wa kufungia nondo, ncha zote zielekee upande mmoja, kila fungu lifiche shina la lililotangulia. Mwarobaini achaneni nao, unapukutika usiku huo huo.

Mvinje ukikauka unashika moto upesi, kwa hiyo badilisha kila Jumamosi na mwali ukae sentimita 10 juu ya majani. Mishumaa iwe minene, kipenyo sentimita 5 au zaidi. Ile myembamba ya dukani kwa joto la Desemba inainama. Feni za dari zimeni, la sivyo nta inamwagika upande mmoja.

Zambarau mitatu, waridi mmoja wa Jumapili ya tatu. Ukikosa rangi, nunua nyeupe ufunge utepe chini kabisa, mbali na moto. Kila Jumapili unaongezwa mmoja, kwa hiyo tarehe 6 mnawasha MIWILI, hata mpiga picha akilalamika. Na asije mtu kusema shada ni mambo ya Kikatoliki: lilianzia kwa mchungaji Mlutheri, Wichern, huko Hamburg mwaka 1839.

KinandaLindi
Kinanda kimoja, mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) moja, spika za kanisa mwenyeji. Kila kwaya ikija na vyombo vyake, kubadilishana tu kunakula dakika 10. Wimbo wa pamoja uchapwe pia: tuni moja, lakini vitabu vina beti tofauti.

KatibuShangani
Asanteni sana. Na sadaka?

Msakristia
Kapu moja, wahesabu watatu, mmoja kila kanisa. Matumizi yake yatangazwe kabla ya kutoa, si baada.