Eti "hujui unapoishi"! Yule jamaa wa kujaza fomu za kodi kanidhalilisha mbele za watu

Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka. Simtaji, mnamjua. Yule yule anayejaza fomu za kodi za nusu ya Waswahili wa Maryland.

Nalala Maryland, nalipa pango Maryland, mtoto anasoma Maryland. Kazi ndiyo iko Delaware, kwenye nyumba ya wazee, navuka mpaka saa kumi na moja alfajiri. Basi! Delaware unafaili kama asiye mkazi, Maryland kama mkazi, halafu kodi uliyolipa Delaware unaidai nafuu kwa fomu ya 502CR. Yeye kaniandika mkazi huku na mkazi kule, 502CR hata hakuigusa. Leo barua imefika, Maryland wananidai kama vile sijawahi kukatwa senti tangu nizaliwe.

Nikaenda na barua yangu. Foleni hadi mlangoni, wengine nasali nao. Namwonyesha W-2, ile karatasi ya mwajiri ya mshahara na makato, kidole kwenye kisanduku cha 15, DE (Delaware) imeandikwa kubwa. Hakutazama. Kamaliza sambusa yake, kafuta mafuta kwenye barua YANGU, kisha kwa sauti ya dalali wa mnadani: "Dada, tatizo lako hujui unapoishi."

Watu wakacheka.

Mimi! Sijui ninapoishi! Theluji ya mlangoni kwangu huwa anaizoa nani? Nimempa dola 180 taslimu, lakini hela si kitu. "Hujui unapoishi." Nimeendesha gari naisikia, nimesonga ugali naisikia, ugali umeungua.

Mbeba Boksi: Pole dada. Ila leo unalala wapi?

Mama Wawili (mwenye uzi): Usinichokoze, nina mwiko mkononi.

Karani Mstaafu: Peleka marekebisho majimbo yote mawili, anza na Delaware. Na usidai nafuu ya kodi ya jimbo peke yake. Tangu kesi ya Wynne, 2015, Mahakama ya Juu ya Marekani iliibana Maryland itoe nafuu hata kwenye kodi ya kaunti. Huyo jamaa alisaini na kuweka PTIN, namba yake ya mjaza kodi? Anayelipwa kujaza lazima asaini.

Mama Wawili: Nimeangalia sasa hivi. Pamebaki PEUPE. Na mdomo wa kuniambia sijui ninapoishi anao!

Mtu wa Virginia: Mimi naishi Virginia, kazi DC. Makubaliano kati yao yapo, nalipa Virginia tu. Barua sijawahi kuiona.

Mbeba Boksi: Nani kakuuliza?

Dereva wa Usiku: Huyo huyo! Naendesha semi, lori la masafa marefu, napita majimbo chungu nzima, na sheria ya shirikisho inasema mshahara wangu unatozwa na jimbo ninaloishi tu. Yeye alitaka anifailie kila jimbo nililokanyaga, dola 50 kila moja! Nilimuuliza na yale niliyosimama kujisaidia tu?

Wa Houston: Hamieni Texas. Kodi ya mapato ya jimbo haipo, mnajitesa bure.

Mbeba Boksi: Haipo, ila ukinunua nyumba kodi ya majengo inakukamua hadi ulie. Na umeme je? Februari 2021 ulipokatika kwenye baridi mlichoma nini, viti?

Wa Houston: Wiki moja tu hiyo! Nyie mnazoa theluji miezi mitatu.

Mtu wa Virginia: Huku kwetu haianguki sana.

Mbeba Boksi: NANI KAKUULIZA?

Mama Wawili: Jamani, uzi wangu! Kafuta mafuta ya sambusa kwenye BARUA YANGU!

Wa Houston: Samahani dada. Sambusa zenyewe za nyama au dengu?

Dereva wa Usiku: Nyama. Anapika shemeji yake, dola 2 moja, ukiuma mara mbili imekwisha.

Wa Houston: Dola 2?! Huku tunauziwa 3 na ndani vitunguu vitupu.

Karani Mstaafu: Namba ya huyo shemeji tafadhali, nina shughuli Jumamosi.