Naomba ushauri: nimestaafu, nataka tupunguze vitu nyumbani

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nimetimiza miaka 60, nimestaafu kwa mujibu wa sheria. Watoto wanajitegemea, tumebaki wawili na mama watoto kwenye nyumba ya vyumba vinne hapa Tabata. Nataka tuhamie vyumba viwili vya uani, nyumba kubwa tuipangishe, tuishi kwa wepesi.

Shida ni vitu. Kabati la sebuleni ni la mninga, nililichongesha Keko. Ndani kuna vikombe vya harusi yetu, kimoja kimevunjika mkono, na mwenzangu hataki hata kisogezwe. Wanunuzi wa vitu vilivyotumika wanataja bei ya kutupa, inauma.

Niwagawie watoto kwanza au niuze? Na mwenzangu nimwanzeje bila kumuumiza? Mliopitia haya, nisaidieni.