Panya darini: mtego, gundi, sumu au paka?

MamaTunu: Habari za jioni wapendwa. Wiki ya tatu hii panya wanakimbizana darini. Leo nimekuta gunia la mahindi limetobolewa kona ya chini, na kipande cha sabuni kina alama za meno. Nina mtoto anayetambaa. Nianze na kipi?

Mkulima_Moro: Pole dada. Kwa huyo mtoto, sumu weka kando. Nyingi huzuia damu kuganda, panya hufa baada ya siku kadhaa, tena mahali usipofika. Mimi nilikaa na harufu wiki nzima, nikaja kumkuta nyuma ya tenki. Paka akimla, naye unaweza kumpoteza.

BintiPangani: Gundi pia siitaki. Panya anahangaika humo usiku kucha akiwa hai, anakojoa hapohapo, na mkojo wa panya ndio unaoeneza homa ya mgunda, ile iliyotangazwa Lindi mwaka 2022. Mtego wa kubana unamaliza mara moja. Uegeshe ukutani, panya hapendi kukatiza katikati ya chumba. Chambo dagaa, umfunge kwa uzi, la sivyo anakwapuliwa na mtego haufyatuki.

Mkulima_Moro: Uzi, kweli kabisa. Na tega mitano au sita usiku mmoja.

MzeeWaUsambara: Huku Lushoto tumeijua tauni tangu 1980. Panya akifa, viroboto humhama na kutafuta mwili mwingine. Usimguse kwa mkono mtupu, vaa glavu, mfukie. Kinyesi usikifagie kikavu, kimwagie kwanza maji yenye dawa.

MamaTunu: Shikamoo mzee, asante. Na paka? Jirani ananipa mmoja.

MzeeWaUsambara: Marahaba mwanangu. Mchukue, ila usimtegemee peke yake. Panya jike hubeba mimba wiki tatu tu, anazaa hata wanane. Paka atawafikia wangapi huko darini?

BintiPangani: Ndiyo maana lazima kuziba matundu. Tundu la kuingia kidole gumba, panya anapita. Shindilia waya wa kusugulia sufuria, juu yake saruji, matambara atayatafuna. Mahindi hamishia kwenye pipa lenye mfuniko.

MamaTunu: Nimepanda na tochi. Bomba la tenki linapoingilia kuna tundu, kingo zake nyeusi, zinateleza kwa mafuta.

BintiPangani: Mlango wao huo. Tega hapo usiku huu, ukiona kimya siku mbili tatu ndipo uzibe, wasije wakafia ndani.