Tupeane uzoefu: nguo chache za kila siku zinazodumu, wewe ulizipataje?

Wakuu, habari za Jumamosi.

Asubuhi nimetoa nguo zote kabatini nikazitandaza kitandani. Mashati 23, ninayoyavaa kweli ni 6. Hayo 6 ndiyo yananipeleka kazini, kanisani, kwenye vikao vya harusi na hata ukweni. Naomba tupeane uzoefu: umewezaje kuwa na nguo chache, nzuri, zinazoendana, bila kurudi dukani kila mwezi? Naanza mimi.

Mwaka 2017 nilipopata mshahara wa kwanza nilikwenda kununua mashati 5 mapya, yanang'aa. Miezi mitatu haikuisha. Kile kitambaa kigumu kinachogandishwa kwa gundi ndani ya kola kilibanduka, kola zikajaa mapovu, pasi haikusaidia kitu. Iliniuma sana, hela ile ilikuwa ya jasho.

Kaka mmoja wa ofisini akanipeleka Karume, soko la mitumba Dar es Salaam, saa 1 asubuhi, mabelo ya nguo ndiyo yanafunguliwa. Shati la kwanza nililoshika alilichukua, akaligeuza ndani nje, akavuta mshono wa bega kwa vidole gumba taratibu. Uzi ukaachia vitundu, akalirudisha. La pili akaliinua kwenye mwanga, akakagua kwapa, shingo na pindo la mikono, akasoma lebo ya ubavuni: pamba tupu. Halafu akanionyesha mfuko wa kifuani. Mistari yake ilikutana sawasawa na mistari ya shati, kama vile hakuna mfuko. "Aliyeshona hili hakuwa na haraka," akasema.

Nililichukua kwa 6,000, fundi akapunguza ubavu kwa 3,000. Kola ilipochanika pembeni mwaka 2022 nilimpa fundi akaigeuza. Jana nimelivaa.

Karibuni.

Binti wa Kongowea
Shukran kwa mada. Mimi niko Mombasa, huku joto ndilo linaloamua. Nilikuwa nikipenda blauzi za poliesta kwa kuwa hazihitaji pasi, lakini ukishuka matatu mgongo wote umeloa, na ile harufu hukaa hata baada ya kufua. Sasa navaa pamba na kitani pekee. Kitani hujikunja, ni kweli, nami nimeshakubali mikunjo yake. Suruali moja nyeusi ya kitani niliyoitoa sokoni Kongowea naivaa na blauzi kazini, na shati refu Ijumaa. Jambo moja nawaomba: nguo nyeusi geuzeni ndani nje na mzianike kivulini. Jua la huku hupausha bega kabla ya kitu kingine.

Mkazi wa Mafinga
Sisi mwezi wa sita na wa saba bila sweta hutoki nje. Nilipata moja la sufu halisi, rangi ya ugoro, lilinikaa vizuri hata juu ya shati la kazini. Siku moja likafuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa kama jinzi. Likajibana, likawa gumu kama blanketi, sasa analivaa mwanangu wa darasa la kwanza. Sufu ni maji baridi, sabuni kidogo, usikamue kwa kusokota, na ulilaze juu ya taulo likauke. Ukilitundika kwenye kamba linavutika mikono.

Wa Moshi
Viatu, wakuu! Mimi nina raba nyeupe ya ngozi ya kutoka soko la mitumba la Memorial, soli imeshonwa kuzunguka, haikubandikwa tu. Naipumzisha siku moja kila nikiivaa. Mwaka wa nne huu.

Fundi Mbagala
Naomba niseme kama fundi, miaka 14 kwenye cherehani. Watu wananiletea koti au shati lililowazidi mabega wakisema "punguza". Bega ni kazi kubwa, nitalazimika kufumua mkono mzima, na mara nyingi halirudi kama lilivyokuwa. Chagua linalokutosha bega. Ubavu, urefu na mikono niachie mimi. Kwa suruali, kabla hujalipa funua pindo la chini na mshono wa nyuma kiunoni. Ukikuta kitambaa cha akiba kimebaki ndani, naweza kuongeza. Kisipokuwepo, hata ukinilipa mara mbili sina pa kukitoa. Na mkishonesha pamba mpya au kitenge, kiloweke usiku mmoja kikauke ndipo uniletee, kisije kikasinyaa baada ya kushonwa.

Mwanzisha mada
Fundi, ubarikiwe. Hilo la akiba kiunoni sikulijua, nimetoka kufunua suruali zangu mbili za kadeti sasa hivi. Ya kaki ina kama sentimita 3 kila upande, ya kijivu haina kitu. Hiyo ya kaki ikiongezwa, ule mstari wa mshono wa zamani utafutika au utabaki unaonekana?