Ukitafuta habari za busha mtandaoni unaletewa wauza chupa. Mjomba wangu kaliwa laki na ishirini!

Wakuu salaam. Nipo Lindi mjini na naandika nikiwa na hasira, mwenye roho nyepesi apite.

Mjomba wangu, mvuvi mstaafu wa upande wa Mchinga, ana busha. Kanipa ruhusa mwenyewe niandike, mradi nisimtaje. Ni mwaka wa tisa huu. Anavaa kanzu hata akienda kupalilia mikorosho. Na kaacha madafu! Mtu wa pwani, minazi ni yake, kila anayepanda kuangua katumwa na yeye, lakini dafu hagusi, kwa sababu kaambiwa maji ya dafu ndiyo yanayoshukia huko chini.

Hilo la madafu tumelikuta mitaani toka tunazaliwa, nalisamehe. Kilichoniuma ni kwamba mimi, ninayeitwa msomi wa ukoo, nilipoingia Google nikalikuta humo tena, safari hii limevaa koti jeupe.

Jaribuni wenyewe, andikeni "dawa ya busha". Ukurasa unaanza vizuri kabisa: busha ni maji kujaa kwenye mfuko wa korodani. Aya mbili safi, unasema leo nimepata. Ukishuka kidogo unakuta "ngiri maji", "ngiri kavu", nguvu za kiume, UTI sugu, vyote chungu kimoja, na mwisho namba ya WhatsApp. Ukurasa unaofuata ni maneno yale yale mpaka makosa ya herufi, namba tu ndiyo imebadilika. Na hapo kwenye kuchanganya busha na ngiri kuna kifo. Busha ni maji. Ngiri ni utumbo umepenya ukashuka, na ukinasa huko ni upasuaji wa haraka, siyo wa kusubiri kifurushi kije na basi.

Basi mjomba hakunisubiri. Novemba, hela ya mnada wa korosho imeingia, kijana wake akamtafutia kwenye simu. "Dokta" kajibu ndani ya dakika mbili. Laki na ishirini ikaenda. Zikaja chupa mbili, chupa zile zile za maji ya kunywa, ndani kitu cha kahawia, lebo imechapwa: busha, ngiri, kisukari, vidonda vya tumbo na mvuto wa biashara. Mvuto wa biashara wakuu! Kamaliza chupa ya kwanza, kaharisha siku tatu. Kupiga simu anaambiwa uchafu unatoka, aongeze elfu sitini ya dozi ya kumalizia. Aliposema hana, akablokiwa.

Ikabidi nikeshe mwenyewe. Bando liliisha mara mbili, na karibu kila cha maana nilichokipata kilikuwa Kiingereza. Kwa ufupi: huku kwetu pwani busha na matende mara nyingi ni kazi ya minyoo wadogo wanaoenezwa na mbu. Siyo mbu mmoja wa jana, ni kuumwa miezi na miaka. Dafu halimo. Watoto wa minyoo hao hutoka kwa wingi kwenye damu usiku, ndiyo maana zamani watu wa afya walikuja kupima damu usiku, na wazee wetu wakatoka mbio wakisema mumiani wamefika. Nilicheka peke yangu kitandani, halafu nikaudhika. Sababu ilikuwepo, ni sentensi moja tu.

Na vile vidonge vya kingatiba, vile unavyosimamishwa kwenye kijiti wakupime urefu ndipo wajue wakupe vingapi? Vinaua hao watoto walio kwenye damu ili mbu asiwapeleke kwa mwingine. Busha lililokwisha kujaa havilishushi, hilo linataka upasuaji. Mjomba alivimeza miaka miwili, akaona mzigo uko pale pale, akasema serikali inatudanganya, akaacha. Hakuna aliyemwambia tofauti. Aliyemwambia kitu ni voisi ya kwenye grupu la ukoo, eti vinamaliza nguvu za kiume. Mwaka ule nyumba nzima haikumeza.

Shirika la Afya Duniani wana maelezo mazuri ya ugonjwa huu, kwa lugha sita za Umoja wa Mataifa. Kiswahili hakimo. Lakini tarehe 7 Julai ikifika tutavaa kitenge tuambiane lugha yetu imeshika dunia.

Hasira yenyewe hasa ni hii. Kulikuwa na kambi ya upasuaji wa mabusha, bure. Tangazo lao lilikuwa picha ya barua, imepigwa upande, muhuri umefunika mstari. "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Tarehe na mahali ukavitafute aya ya tatu. Wameibandika kwenye ukurasa ambao kule kijijini hakuna anayeufuata. Mimi nimeiona siku nne baada ya kambi kufungwa. Muuza chupa yeye kalipia tangazo, linamfuata mjomba kwenye simu mpaka kitandani, kwa Kiswahili kitamu, na anamwita mzee wangu.

Na msinijibu piga 199. Naijua, ni ya Wizara ya Afya na ni bure. Mjomba haijui. Ya muuza chupa anayo kichwani.

Nilipomweleza habari za mbu alinyamaza kitambo, akaniuliza, "Kwa hiyo mpwa wangu, dafu ningekunywa tu?"

Mwenye tarehe ya kambi nyingine, iwe Lindi au Mtwara, aandike hapa: siku, mahali, aje na nini. Msiniwekee picha ya barua. Na wauza dawa msinifuate PM. Chupa ya pili bado ipo juu ya kabati la mjomba haijafunguliwa, njooni mkaichukue.