Naomba ushauri: London hadi Sydney na mama mzee

Wakuu, habari zenu. Mwezi ujao nampeleka mama kwa mdogo wake Sydney, tukitokea London. Ni kama kilomita 17,000, na ukiunganisha mara moja safari hula saa 22 hadi 24. Ninachohofia ni miguu yake. Safari iliyopita, ya saa 8 tu, ilivimba hadi viatu vikakataa kuingia. Alitembea na soksi mpaka kwenye mizigo, mimi nimebeba viatu mkononi.

Je, tuunganishe haraka Singapore au tulale hapo usiku mmoja? Waliopitia Perth, mji wa magharibi mwa Australia, ule mruko mmoja wa saa kama 17 kutoka London mzee anauweza? Na dawa zake za presha za asubuhi, mliosafiri na wagonjwa mlipangaje ratiba? Nitashukuru sana.